Kwa nini kila kitu kinageuka kijivu?

Swali: Mtaalamu, mimi ni mama wa miaka 57, naishi Tanga. Mwanangu anataka kuipaka nyumba yetu kijivu, ukutani hadi getini, akidai kwamba rangi ya kijani tuliyoizoea tangu enzi za marehemu baba yake ni ya kishamba. Nilipoanza kutazama huku na huku nikaona si nyumba tu: magari ni meupe, meusi na ya fedha, simu ni nyeusi, na wajukuu zangu wanavaa tisheti nyeusi na nyeupe kama sare. Mama yangu aliacha sanduku la kanga ambalo ukilifungua chumba kizima kinachangamka. Je, ni kweli kwamba rangi inapungua duniani, au ni macho yangu yanayozeeka? Na kama ni kweli, nani ameiondoa?

Jibu: Dada yangu, nianze na macho, kwa kuwa hilo ndilo jepesi. Lenzi ya jicho la binadamu huingia umanjano kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo rangi za upande wa samawati na urujuani humfikia mtu mzima zikiwa zimefifia kidogo kuliko zinavyomfikia mjukuu wake. Lakini hakuna jicho, hata liwe la umri gani, linaloweza kuligeuza gari jekundu likawa jeupe. Unachokiona barabarani kipo.

Kipo, na kimepimwa. Mwaka 2020 shirika la makumbusho la Science Museum Group la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa picha za vitu vyake zaidi ya 7,000, vikiwemo vyombo vya nyumbani, saa, taa, kamera na simu, ambamo kompyuta iliachiwa kazi ya kuhesabu rangi zilizomo katika kila picha. Ilionekana kwamba kijivu kimeongezeka kadiri miaka ilivyosonga tangu karne ya 19, huku kahawia na manjano zikirudi nyuma. Watu wengi waliotumiana mchoro wa utafiti huo walihitimisha haraka kwamba dunia imekufa rangi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kahawia na manjano iliyopungua kwa sehemu kubwa ilikuwa ni mbao. Chombo cha mbao kilikuwa na rangi ya mbao bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua, na kilipoanza kutengenezwa kwa plastiki na chuma, rangi yake ilibadilika pamoja na malighafi. Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri: ukiacha -eupe, -eusi na -ekundu, ambazo ni vivumishi vyetu vya asili, rangi nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu vinavyoshikika. Kijani tumekitoa kwenye jani, manjano kwenye kiungo cha jikoni, zambarau na chungwa kwenye matunda, kahawia kwenye kahawa, na kijivu, bila shaka umeshatambua, kwenye jivu.

Hata hivyo plastiki haikuzaliwa na kijivu. Plastiki ni kitu kinachokubali rangi yoyote unayokitia. Kwa hiyo mabadiliko ya malighafi yanaeleza kwa nini kahawia iliondoka, lakini hayaelezi kwa nini aliyekuwa huru kuchagua nyekundu au feruzi alichagua jivu. Ili kulijibu hilo tuyaangalie magari, kwa sababu kwenye magari hesabu ziko wazi.

Nchini Marekani, kampuni ya iSeeCars ilipochambua magari kwa kufuata mwaka wa kutengenezwa kwake, iliona kwamba yale yaliyokuwa meupe, meusi, ya kijivu au ya fedha yalikuwa asilimia 60 hivi kwa magari ya mwaka 2004, na yalifika asilimia 80 kwa magari ya mwaka 2023. Ukiwauliza wanunuzi, wengi hawatakuambia kwamba wanachukia buluu au kijani. Watakuambia kwamba gari jeupe huuzika. Hilo ndilo neno ninaloomba ulishike, maana ndilo jibu langu lote kwa swali lako: rangi imepungua zaidi katika vile vitu ambavyo mtu huvinunua huku akimfikiria mtu mwingine atakayevinunua baada yake. Mwenye gari hachagui rangi anayoipenda. Anachagua rangi ambayo anadhani haitamchukiza mtu asiyemjua, atakayekuja miaka mitano baadaye. Na mtu usiyemjua huwezi kuikisia ladha yake, hivyo unampa jivu.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya mnyororo huo, tena mwishoni kabisa. Magari mengi tunayoyaendesha Tanzania na Kenya ni yaliyokwisha kutumika Japani. Huko mnunuzi wa kwanza huchukua nyeupe ya lulu au nyeusi kwa kuwa anajua ndizo zenye bei nzuri siku ya kuuza. Mnadani wakala anachukua nyeupe hiyo hiyo kwa kuwa anajua ndiyo itakayoondoka haraka bandarini. Na Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, muda wa kuchagua-chagua ni mfupi zaidi. Gari linapofika Dar es Salaam au Mombasa, rangi yake imeshaamuliwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kukaa nalo. Kinachochekesha ni kwamba hofu yenyewe haina msingi imara. Kampuni hiyo hiyo ya iSeeCars, ilipopima jinsi magari yanavyoshuka thamani, iliyakuta ya manjano miongoni mwa yanayoshuka polepole zaidi, kwa sababu ni machache na wanaoyataka wapo. Lakini soko haliendeshwi na hesabu peke yake. Linaendeshwa pia na woga wa kubaki na kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Kabla hatujaendelea, nikukumbushe kwamba jambo hili limewahi kutokea na kugeuka. Gari la Model T la Ford lilipoanza mwaka 1908 lilipatikana kwa rangi mbalimbali, kisha kuanzia 1914 hadi 1925 likawa jeusi tu, kwa kuwa kiwanda kilitaka kazi iende mbio na rangi moja isiyo na mjadala. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilileta rangi ya kupuliza iliyoitwa Duco, ambayo ilikauka kwa saa badala ya siku na ilipatikana kwa rangi nyingi za kung'aa. General Motors ikaanza kuuza magari ya rangi, wateja wakahama, na Ford akalazimika kuzirudisha rangi kwenye magari yake ya mwaka 1926. Kompyuta nazo zilipitia hali kama hiyo: Apple ilitoa iMac ya buluu mwaka 1998, ikafuatiwa na nyingine za rangi za matunda mwaka 1999, na baada ya miaka michache kampuni hiyo hiyo ikaihamishia dunia kwenye alumini ya kijivu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba tunateremka mlima ambao hauna kupanda.

Sasa nguo, ambako ndiko nilikofanyia kazi muda mrefu zaidi na ambako mtanisamehe nikirefusha maneno. Wengi hudhani kwamba nyeusi imetapakaa kwa sababu ni rahisi kuitengeneza. Kwa kitambaa cha pamba ni kinyume. Nyeusi iliyokolea vizuri hula dawa ya rangi hadi asilimia kadhaa ya uzito wa kitambaa chenyewe, wakati rangi hafifu kama ya maziwa au waridi jepesi hutosheka na chini ya asilimia moja. Tena nyeusi isiposuuzwa ipasavyo huchuja, na kila mama aliyewahi kuiloweka pamoja na shuka jeupe anajua maana yake. Zipo pia rangi zinazomsumbua fundi kwa namna yake. Feruzi, kwa mfano, hutokana na dawa ambayo chembe zake ni kubwa, huingia kwenye uzi kwa taabu, na ile isiyoingia huendelea kutoka kwenye maji ya kufulia. Lakini tabu hizo viwanda vilishajifunza kuzimudu zamani.

Gharama inayoua rangi haiko kwenye pipa la dawa, iko ghalani. Tuseme mfanyabiashara anatoa tisheti za saizi tano. Akizitoa kwa rangi sita, ana mafungu 30 ya kuhesabu, kusafirisha na kukisia. Akizitoa kwa nyeusi na nyeupe tu, ana mafungu kumi. Kiwanda nacho hakikubali kutia rangi kitambaa kidogo kidogo: kila rangi ina kiwango chake cha chini cha kuagiza, kwa hiyo mwenye kupenda chungwa analazimika kuagiza chungwa nyingi kuliko anavyoamini kwamba atauza. Msimu ukiisha, chungwa iliyobaki inauzwa kwa hasara, ilhali nyeusi iliyobaki inasubiri mwaka ujao bila aibu. Kadiri maduka yanavyokuwa makubwa na yanavyouza mtindo ule ule nchi nyingi kwa wakati mmoja, ndivyo hesabu hii inavyozidi kukaza, maana rangi iliyo ya harusi pale ni ya msiba kwingine, na jivu halina kabila.

Nguo hizo nazo, kama magari, hutufikia mwishoni. Ukipita kwenye masoko ya Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Owino Kampala utazikuta robota za mitumba zikipasuliwa, na ndani yake mna kile kilichonunuliwa kwingine miaka michache iliyopita. Wajukuu zako hawakuchagua nyeusi na nyeupe kama unavyodhani. Wamechagua ndani ya kile ambacho wengine walikuwa wamekichagua na kukichoka.

Yupo atakayesema kwamba nimesahau heshima, na ni kweli kwamba ina nafasi yake. Kwa karne nyingi rangi iliyoiva ilikuwa ya wenye uwezo, kwa kuwa ilitoka kwa wadudu, konokono na mimea ya mbali. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata tope jeusi lililotoa rangi ya zambarau. Katika miaka 50 iliyofuata maabara za Ulaya zilimwaga rangi za bei nafuu duniani, na kila mtu akaweza kuvaa zambarau, huku wanaume wakubwa wa Ulaya wakiona kwamba ustaarabu uko kwenye suti nyeusi. Hata kabla ya hapo, mwandishi wa Kijerumani Goethe aliandika mwaka 1810 kwamba wanaopenda rangi kali ni mataifa yasiyostaarabika, watu wasiosoma na watoto. Mwanao hajamsoma Goethe, lakini anapoiita kijani ya nyumba yenu ya kishamba, anaurudia uamuzi ule ule uliopita kwenye mikono mingi hadi kufika Tanga.

Pwani yetu ilikuwa na historia tofauti, na ndiyo inayoeleza sanduku la mama yako. Katika karne ya 19 nguo za watumwa na maskini wa Zanzibar na mwambao zilikuwa hasa mbili: merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa kwa meli za Wamarekani, na kaniki, ambayo ni kitambaa kilichotiwa nili hadi kikakaribia weusi. Kwa maneno mengine, ukosefu wa rangi ulikuwa ndio sare ya asiye na mali wala jina. Wanawake wa mjini wakaanza kununua leso za Kireno zikiwa hazijakatwa na kuziunganisha, kisha wafanyabiashara wakaleta kitambaa kilichochapwa kizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake husomeka "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki waliiacha, wakavaa kanga za rangi kama tangazo la kwamba sasa wao ni watu wa mji. Kwa hiyo, dada yangu, rangi zilizomo kwenye sanduku lile hazikuwa pambo la watu wasiojua staha. Zilikuwa ni madai.

Na angalia kwamba kanga haijageuka kijivu. Hapa hoja yangu inajipima yenyewe: kanga hainunuliwi ili iuzwe tena. Anayeichagua ndiye atakayejifunga, au anampa mtu anayemjua kwa jina, na maneno yaliyoandikwa juu yake mara nyingi yanamlenga mtu mmoja maalumu, jirani au mke mwenza. Kanga iliyofanana na ya mwaka jana haina wa kuinunua, hivyo mchapaji analazimika kuleta rangi na maua mapya kila mara. Kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe kinaendelea kwenda kwa bibi harusi kwa sababu hakuna anayefikiria thamani yake ya kuuzia. Kilichopungua si rangi ya kanga, ni mahali pake: zamani wanawake walitoka nayo barabarani kila siku, na leo wengi huivaa nyumbani, msibani na kwenye shughuli, kisha wakitoka kwenda kazini wanavaa kitu kingine.

Nisije nikakuacha na picha ya kwamba zamani yote ilikuwa maua. Mji Mkongwe na Lamu ilikuwa ni miji ya chokaa nyeupe, na buibui nyeusi ilienea mwambao katika karne ya 20 bila kiwanda chochote cha tisheti kuhusika. Sasa hivi mabaibui na abaya za kijani, za waridi na za rangi ya udongo zinaonekana zaidi. Hata Saudi Arabia, baada ya Mwanamfalme Mohammed bin Salman kusema mwaka 2018 kwamba sheria inataka mavazi ya staha lakini haitaji abaya nyeusi, rangi zimeongezeka mitaani. Kwenye nguo hiyo mwendo ni wa kutoka kwenye weusi kwenda kwenye rangi, kinyume kabisa na magari.

Jambo moja lililobaki ni kwamba rangi kali haikuondoka mitaani, imebadilisha mwenyewe. Hesabu maduka ya mtaani kwenu yaliyopakwa nyekundu ya soda au ya mtandao wa simu. Ukienda Kenya utakuta ya kijani ya Safaricom. Mwenye duka amepakiwa ukuta bure, na kampuni imeununua ukuta ule. Kampuni hizo zinajua vizuri sana kazi ya rangi, ndiyo maana hazitangazi kwa jivu. Wenye matatu wa Nairobi wanajua pia: masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, enzi za Waziri John Michuki, yaliyaondolea magari yao michoro na kuyaachia mstari wa manjano, lakini Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena michoro hiyo mwishoni mwa 2014, ilirudi kwa kishindo, kwa sababu abiria kijana huacha gari tupu lisilo na rangi na kusubiri lenye rangi.

Sasa nyumba yako. Mwanao ana hoja moja ya kweli ambayo huenda hajaitaja, nayo ni jua. Rangi ya kijivu hutengenezwa hasa kwa unga mweupe wa titani na masizi ya kaboni, vitu viwili ambavyo jua la pwani haliviwezi, ilhali nyekundu na manjano nyingi za kung'aa hutokana na kemikali ambazo miale ya jua huzivunja, na ukuta hupauka ndani ya misimu michache. Ndiyo maana mafundi wanapenda kijivu: hakuna mteja anayerudi kulalamika. Lakini kijivu cha mkaa wanachokipenda vijana kina kasoro ambayo haionekani kwenye picha za simu, kwamba hunywa joto. Wazee waliopaka chokaa nyeupe walikuwa wakilirudisha jua lilikotoka; ukuta wa rangi ya mkaa huliweka na kuwapa usiku, mkiwa mmelala.

Kwa bahati nzuri, kijani yenu ni miongoni mwa rangi zinazovumilia. Kijani cha oksidi ya kromi ni kigumu mbele ya jua karibu sawa na kijivu, na hata kijani kile cha kung'aa zaidi, ambacho mafundi hukipata kwa dawa ya jamii moja na feruzi niliyoitaja, hudumu vizuri kikiwa kwenye rangi ya nje iliyo bora. Zinazodumu nyingine ni rangi za udongo, yaani nyekundu ya matofali na manjano iliyotulia, kwa kuwa asili yake ni kutu ya chuma, na kutu haina tena cha kupoteza. Mwambieni muuzaji kwamba mnataka rangi ya maji ya nje, si ya ndani, na mumuulize kama kijani yake inafaa kwa ukuta unaopigwa na jua siku nzima. Msiamue kwa kadi ndogo ya dukani, kwa sababu rangi ikitandazwa kwenye ukuta mzima huonekana kali kuliko ilivyo kwenye kadi. Nunueni kopo dogo, mpake kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye ukuta wa magharibi, kijani upande mmoja na kijivu cha mwanao upande wa pili, mvitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Kisha muulize mwanao swali moja tu: kama nyumba hii anategemea kuiuza. Akijibu kwamba haiuzwi, basi sioni kwa nini ipakwe rangi ya mnunuzi.